Mwalimu wa Wiki Mbili



Umewahi kumwona mtoto mwenye ualbino akinakili kazi ubaoni? Mimi nimemwona zaidi ya mara moja hapa Shinyanga, na bado sijazoea. Anainuka kwenye dawati, anakwenda mpaka mbele, pua inakaribia kugusa chaki. Anasoma maneno manne au matano, anayashika kichwani, anarudi kuyaandika. Kisha anainuka tena. Sentensi moja, safari mbili tatu. Wenzake wameshamaliza, yeye bado yuko njiani. Mwalimu asiyemjua atasema mtoto huyu mtukutu, hatulii. Anayemjua anamkalisha mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, anamwandikia kwa herufi kubwa kwenye karatasi, au anampanga na mwenzake amsomee kwa sauti ya chini. Kumjua mtoto hivyo hakudai shahada ya ng'ambo. Kunadai muda.

Ni muda huo ninaotaka tuuzungumze jioni hii, kwa sababu kila ikifika Juni, Julai, Agosti, wageni wanaingia. Ni vijana wa Ulaya na Marekani walio likizo ya vyuo, begi mgongoni, wamelipa wakala wa kwao fedha si haba ili waje kufundisha watoto wetu wiki mbili, pengine tatu. Tunawaita volontia. Wengi wao wana moyo safi. Nimekaa nao, nimekula nao, na machozi yao ya siku ya kuagana siyatilii shaka. Linalonikosesha raha ni kinachobaki pale vumbi la gari lao likishatulia.

Niliwahi kuongozana na kundi la wageni kwenye kituo kimoja cha watoto, na jina lake naomba nilihifadhi. Watoto walipangwa mstari wakaimba wimbo wa kukaribisha. Msichana wa miaka sita hivi akatoka mstarini, akaja moja kwa moja kunishika mkono mimi, ambaye hajawahi kuniona, akaegemeza kichwa ubavuni kwangu. Nikamwambia mlezi, dada, mtoto huyu ana upendo kweli. Mlezi hakutabasamu. Akasema, "Huyo anamshika kila mtu, kaka. Wanakuja, anawazoea, wanaondoka. Usiku wake mimi ndiye ninayeujua."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, na leo nimekuja nalo hapa kwenye kipaza sauti.

Watoto wenye ualbino nao hupokea wageni kama hao, na sisi wa ukanda huu tunajua wengi wao walifikaje kwenye mabweni ya shule. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 kuliibuka mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa. Waganga wapiga ramli waliwaaminisha wachimbaji na wavuvi kwamba kiungo cha binadamu mwenzao kinavuta bahati, kinaleta dhahabu. Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema, akiwa BBC, aliwaendea waganga kwa siri na kuuanika uovu huo mbele ya dunia. Serikali ikawakusanya watoto: Buhangija hapa Shinyanga, shule iliyokuwa ikiwalea wasioona, Mitindo kule Misungwi, Kabanga kule Kasulu. Na hofu haikuwa ya kubuni. Februari 2015, wilayani Chato, mkoani Geita, mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa mikononi mwa mama yake aliyekatwakatwa mapanga akimng'ang'ania, na baadaye mwili wake ukakutwa umekatwa viungo. Waliofungua mageti ya shule zile waliokoa maisha. Sitaki mtu alisahau hilo.

Lakini kila mtoto aliyepita kwenye mageti yale alikuwa na kwao. Ana bibi, ana ukoo, ana mji wenye zizi na mti wa ukwaju. Miaka ikapita, kimbilio likageuka makazi, na wapo waliosahau hata njia ya kurudi kwao. Kisha anakuja mgeni, anapiga picha, anaandika chini yake: yatima. Mtoto akiitwa yatima mbele ya kamera wakati mama yake anapalilia pamba Maswa, amenyang'anywa mama mara ya pili. Na hapa hatuko peke yetu. Duniani kote imeonekana kwamba wengi wa watoto walio kwenye makao ya yatima wana mzazi aliye hai, umaskini ndio uliowapeleka, na penye wageni wenye fedha vituo huzaliana. Ndiyo maana Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi, na ndani yake likataka yazuiwe madhara ya watu kujitolea kwenye vituo hivi, hata kama sehemu ya utalii.

Je, wageni wasije? La, sijasema hivyo. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka tulivyokuwa mwaka 1961. Tunapata uhuru, shule za sekondari za kuhesabika, walimu wenye shahada wachache mno. Mwaka huohuo ukaanza mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, ukaleta Wamarekani kufundisha Tanganyika, Kenya na Uganda. Wakaja vijana wa kujitolea: Wamarekani wa Peace Corps, Waingereza wa VSO, na mwaka 1967 Wajapani. Watu hawa tuliwaomba sisi. Serikali iliwapangia kituo, mkuu wa shule akawapa ratiba na vipindi, wakakaa mwaka, miaka miwili na zaidi. Wamisionari wa Maryknoll, waliofanya kazi miaka mingi Musoma na hapa Shinyanga, walifungua shule ya lugha pale Makoko, mgeni akae kwanza ajifunze kuongea ndipo aende kazini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa wiki mbili anaondoka jembe halijatiwa mpini.

Maana fikiria lugha tu. Mtoto wa Bukombe anaingia darasa la kwanza na Kisukuma chake, Kiswahili anakikuta shuleni. Anaanza kukizoea, anatokea mgeni na nyimbo za Kiingereza za kugusa kichwa na mabega. Watoto wanaimba, wanacheka, picha zinatoka nzuri. Mgeni akipanda basi la Mwanza, mwalimu wa darasa anafuta ubao na kurudi kwenye silabi alipozikatisha.

Linganisha na lile lililotokea Moshi. Mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto, aliguswa na watu wenye ualbino wanaokufa mapema kwa saratani ya ngozi. Akakaa na jambo hilo. Pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kukaanzishwa utengenezaji wa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun. Leo wanaokoroga na kufunga mafuta hayo ni Watanzania, wakiwemo wenye ualbino wenyewe, na yanagawiwa bure. Hata mgeni akirudi kwao leo, mafuta yapo kesho.

Sasa nigeukie kwetu, maana anayefungua geti ni sisi. Kijana wetu wa Shinyanga akifika London, hawezi siku ya pili kuingia shule ya msingi na kupakata watoto wa watu. Atadaiwa karatasi ya polisi, ataulizwa amesomea nini, atasubiri. Hapa kwetu mara nyingi ngozi nyeupe na boksi la penseli vinatosha. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, tunaye afisa ustawi wa jamii kila halmashauri, tuna taratibu za vibali kwa anayekuja kujitolea, na viza ya utalii haimruhusu kushika darasa. Mwenyekiti wa kijiji, mkuu wa kituo, mzee wa kanisa, naomba uulize. Uliza anakaa muda gani, atafanya kazi chini ya mwalimu yupi, na kipi kitabaki akiondoka. Usione haya kuuliza. Mgeni mwema hatachukia kuulizwa.

Na kabla hatujamtazama wa mbali, tuna wa kwetu. Tangu ada ifutwe, na kuanzia 2016 elimu ikawa bila malipo hadi kidato cha nne, madarasa yamefurika. Wakati huohuo vijana waliohitimu ualimu wako mitaani hawana ajira, na baadhi yao wanajitolea kwenye shule za vijiji vyetu kwa kile wazazi wanachoweza kuchanga. Nauli ya ndege ya mgeni mmoja, kuja na kurudi, ingewapa posho kwa miezi mingi. Nawaambia marafiki zangu wa ng'ambo: ukitaka kumsaidia mtoto wa Geita, anza na vijana hawa.

Nimemshuhudia mmoja wao, kijana wa kike, kwenye shule moja si mbali na machimbo. Jumatatu ndiyo siku yake ngumu. Anahesabu madawati yaliyo wazi, na anajua kila mwenye dawati yuko wapi. Ni ukanda uleule ambao mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilikuta watoto, wengine wa miaka minane, wakifanya kazi kwenye machimbo madogo ya Geita na Kahama, wakichanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu. Saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, anashika njia ya kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe. Siku niliyomfuata alimkuta mama mmoja chini ya turubai, na mwanawe wa darasa la tatu akigonga mawe kwa nyundo. Mwalimu hakufoka. Alisalimia, "Mwangaluka, mayu," akachuchumaa, wakaongea Kisukuma kwa muda mrefu: habari za mvua, habari za mgonjwa, deni la unga dukani. Mtoto aliendelea kugonga huku anasikiliza. Mwishowe mama akanyoosha mkono, akaichukua ile nyundo, akaiweka chini ya goti lake. Mtoto akasimama akajipangusa vumbi, na mwalimu akampokea daftari lililokuwa limefungwa kwenye mfuko wa plastiki pembeni ya rundo la mawe.