Hotuba ya Mwenyekiti: Usiku Tuliolala Bagamoyo



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha mwaka wa kumi. Habari za hisa na mikopo atazisoma katibu. Mimi ni wa darasa la saba, tarakimu zikiwa nyingi naona kizunguzungu. Nimeomba kusema habari ya usiku mmoja tu.

Mwaka 2019 tulikwenda Sabasaba, Dar es Salaam, wanawake saba na vitunguu saumu vyetu vya Mbulu. Vikaisha vyote. Wakati wa kurudi dereva akasema tupite Bagamoyo, tutokee Msata, tukwepe foleni ya Kibaha. Kufika Bagamoyo jioni, gurudumu la mbele likaanza kulia kama fisi. Fundi akasema beringi imekwisha, mpaka kesho. Basi tukalala gesti, vyumba viwili, tumebanana kitandani, maana hatukutaka kugusa fedha ya kikundi.

Kwanza tukaenda ufukweni. Dar tulishinda bandani siku zote, bahari hatukuiona. Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Hanang, aliyekuwa akizoa chumvi Ziwa Balangida na mama yake, akachota maji kiganjani, akaonja, akasema, "Ya kwetu ni kali zaidi." Tulicheka sana. Mama mmoja mkaanga samaki akauliza, "Mwatoka wapi, wanangu?" Tukasema Mbulu. Hakupajua, lakini alituongezea vipande viwili bure. Akatuambia misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka Tabora na Ujiji ilikuwa ikiishia pale, wapagazi wanatua mizigo, na ndiyo maana ya jina lile, kubwaga moyo.

Mimi nilibwaga ulimi.

Asubuhi tukahesabu fedha, pungufu shilingi 60,000. Zilifungwa kwenye kanga, na aliyezilalia ni mwenzetu mdogo kuliko wote, mjane, aliyekuwa anadaiwa rejesho la miezi miwili. Sikuuliza. Nilisema mbele ya wote, mlango uko wazi, mhudumu wa gesti anasikia: "Toa hela za watu." Akafungua begi lake, akatoa kimoja kimoja, akaweka kitandani. Kanga, sabuni, viatu vya mtoto alivyonunua Dar. Hakusema neno. Vile viatu naviona mpaka leo.

Haikupita saa, mweka hazina akarudi na dereva kutoka kwa fundi. Alfajiri alikuwa amefungua ile kanga na kumkopesha dereva fedha ya beringi, akaona asituamshe. Dereva alilipa baadaye. Na mimi nikasema, "Basi, yamekwisha, tupande gari." Hilo tu, jamani. Msata, Segera, Korogwe, Same, mpaka Makuyuni, hakuna aliyeimba. Wakati wa kwenda tuliimba njia nzima.

Tulipofika nyumbani akalipa rejesho lote, akaacha kikundi.

Ile kanuni yetu kwamba fedha haitoki bila watu watatu na daftari, wengi wanadhani tuliletewa na afisa maendeleo ya jamii. Ilitoka gesti ya Bagamoyo.

Mwaka 2021 wajumbe wawili walikwenda kumwomba arudi. Mimi sikwenda, nilisema nina msiba kwa jirani. Msiba ulikuwa kesho yake. Alirudi, na leo ndiye anayeshika ufunguo wa pili wa sanduku letu. Tunasalimiana vizuri, tunakunywa chai pamoja, lakini lile jambo sijawahi kulitaja.

Mdogo wangu, nakuona hapo safu ya pili. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba mbele ya watu. Nisamehe. Na nimemwambia katibu ayaandike haya kwenye kitabu chetu kama nilivyosema, asipunguze.

 Sasa katibu aje na hesabu zake.