Samadi Malishoni na Maji ya Mvua
(Maneno yaliyosemwa Nanganga)

Twataka kusema nanyi habari ya samadi, wala hatukuja kuishutumu, maana udongo wa kichanga hunufaika nayo sana.

Zamani ng'ombe walikuwa wachache huku kusini kwa sababu ya mbung'o. Lakini mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa bonde la Usangu walikuja pande za Lindi na makundi yao, na mavi ya ng'ombe yakaenea mahali ambapo wazee wetu hawakuyazoea. Basi yatupasa kuzijua tabia zake.

Samadi imwagwayo juu ya majani bila kufukiwa huchukuliwa na mvua kubwa ya kwanza. Maji yateremkayo hubeba vijidudu vya maradhi ya tumbo. Hubeba fosforasi, ambayo hushikamana na udongo na kwenda nao mtoni. Tena hubeba naitreti, ambayo huyeyuka na kuzama hata visimani. Shirika la Afya Duniani lasema naitreti isizidi miligramu 50 katika lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi sana, mtoto mchanga anyweshwaye maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo huweza kugeuka rangi na kukosa pumzi. Na hapa wengi hudanganyika: kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti haiondoki, huzidi kukolea kwa kuwa maji hupungua.

Labda mtasema Lukuledi u mbali na malisho. Maji ya mvua hayana haja ya barabara. Nao wenzetu wa Newala wakaa juu ya uwanda usio na mito, na mama zao walikuwa wakishuka mabondeni kuteka; chemchemi ya huko chini ikichafuka, wataenda wapi?

Hatari huwa kubwa siku chache za kwanza baada ya kumwaga. Kwa hiyo msimwage mawingu yakiwa yametanda. Ilundikeni kwanza chini ya paa miezi kadhaa, mkiigeuza, hata ioze kwa joto lake. Kando ya mto acheni ukanda wa majani marefu, upana wa hatua kumi au zaidi, uyapunguze maji mwendo na kuuzuia udongo. Lakini majani hayo yakichomwa moto wakati wa kiangazi, kama ilivyo desturi ya wengi wetu, mvua ya kwanza haikuti kizuizi chochote. Na kisima kichimbwe upande wa juu wa zizi, wala si upande wa chini.