Nani Analipa Ili Kongo Ipate Munganga?



Watu wanasema Kongo haina waganga wa kutosha. Ni kweli. Lakini sisi vijana wenye kumaliza masomo na kukosa kazi tunauliza: na wale wenye wamekwisha kufundishwa, Leta inawafanyia nini?

Tuhesabu pamoja. Kusoma udaktari kwetu kunafika miaka 7 hivi. Profesa wakigoma, mwaka unavutika kama mpira. Minervale mara nyingi inahesabiwa mu dola, lakini mama anauzisha makala mu franga. Familia inauzisha ngombe, kisha shamba. Mu staji mwanafunzi analala ku hopitali, anapokea wagonjwa usiku, na wengi hawapewe hata pesa ya transpori.

Anapata diplome. Anajiandikisha ku Ordre ya waganga, analipa tena. Anatumwa ku hopitali ya Leta. Hapo anaanza kungojea matrikule. Matrikule ikifika, anangojea mushahara. Sindika za waganga zimegoma mara nyingi juu ya jambo hilo. Na akitaka kuwa mupasuaji, iko miaka ingine ya kusoma, na pesa ingine.

Sasa, munganga asiyelipwa na Leta anakula nini? Anakula mu fakitire ya mugonjwa. Ndiyo maana mama aliyezaa anazuiliwa ku maternite na mutoto wake mupaka deni iishe. Yule mama wa makala alilipa munganga asome. Leo anamulipa tena ili amutunze. Leta iko wapi?

Tusiambiwe kwamba haiwezekane. Mu 1960 tulipata uhuru bila munganga Mukongomani mwenye diplome ya univerisite. Tulikuwa na wasaidizi wa waganga. Makumi yao walitumwa Ufaransa na bursi ya OMS, wakarudi waganga. Hakuna mama aliyeuzisha shamba. Na mu 2001, kule Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kutia 15% ya bajeti mu afya.

Tunaomba vitu 3: bursi kwa wanafunzi wa udaktari wenye watakubali kufanya kazi mu vijiji, pesa kidogo kwa wenye kufanya staji, na liste ya waganga wenye kungojea matrikule itangazwe mbele ya wote, na tarehe ya mushahara wa kwanza.

Juma hii, kila mumoja wetu amutafute mudepite wake, amuulize: mu bajeti uliyopigia kura, afya ilipata ngapi? Jibu lake tulilete hapa, na jina lake.