SIKU ZA KUFUNGA BAHARI NI ZA NANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, yamechapwa hapa kwa ombi la wale waliokuwa zamu siku ile.)



Sisi tulioombwa kusema leo si wavuvi. Sisi ni watu wa reli, na wengi wetu tulizaliwa bara, mahali ambapo samaki ni yule wa mtoni au wa ziwani. Masomo yetu nayo ni yale ya shule ya msingi ya misheni, hatukupita hapo. Lakini kazi imetuleta Mombasa, twaishi pamoja na watu wa bahari, na jambo la leo limetoka kwao.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tukingoja kivuko cha Likoni, na mzee mmoja mvuvi alisimama karibu nasi. Mwenzetu alikuwa amesikia katika redio habari za kufunga bahari kwa muda, ili jodari wapate kuongezeka. Akasema, "Ni vizuri, samaki nao wapumzike." Yule mzee akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, wewe mwisho wa mwezi una mshahara. Bahari ikifungwa wewe utakula. Mimi je?" Kivuko kikafika, watu wakasukumana kuingia, nasi hatukuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza na kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza yafaa tujue kitu chenyewe. Jodari ni samaki msafiri. Hakai mahali pamoja kama tewa wa mwambani, wala hajui mpaka wa nchi. Leo yuko mbele ya Lamu, baada ya muda yuko karibu na Shelisheli. Kwa hiyo nchi moja haiwezi kumlinda peke yake. Nchi hukutana na kuweka sheria za namna mbili. Namna ya kwanza ni kuweka kiasi: mwaka huu msivue zaidi ya tani kadha wa kadha. Namna ya pili ni kufunga siku: tangu tarehe hii mpaka tarehe ile, meli zisivue. Sisi watu wa reli twaelewa mambo haya. Behewa lina tani zake zilizoandikwa ubavuni, na ukizidisha utaliharibu. Njia nayo hufungwa ili itengenezwe, na asiyetaka ifungwe hata siku moja ataona treni imelala ubavu.

Basi hatubishi juu ya kufunga. Tunauliza hivi: siku zile za kufunga, nani azibebe?

Tutaanza na habari ya mbali, maana ina fundisho kubwa. Katika bahari ya Pasifiki, upande wa mashariki, mbele ya Mexico na Costa Rica, wavuvi kutoka San Diego na San Pedro kule California walivua jodari kwa miaka mingi kwa fito na ndoana, samaki mmoja mmoja. Karibu na mwaka 1960 kazi ikageuka. Meli zilitiwa nyavu kubwa za nailoni, na gurudumu la mashine la kuuinua wavu. Meli hulizungushia kundi la samaki wavu huo, kisha kamba ya chini huvutwa mpaka wavu ukafumba kama mdomo wa mfuko. Kwa safari moja zikapatikana tani ambazo fito zisingeweza kuzipata.

Tume ya nchi za huko ilikuwa imeanzishwa kwa mapatano ya mwaka 1949 kati ya Marekani na Costa Rica. Wataalamu wake, wakiongozwa na Bwana Milner Schaefer, walipiga hesabu, wakaona hatari. Mwaka 1966 kiasi kikawekwa na kufuatwa. Ni jambo jema. Lakini angalieni kosa lililokuwamo. Kiasi kiliwekwa kimoja kwa wote, bila kusema meli hii ni yake tani hizi, na ile tani zile. Bahari ilifunguliwa mwanzo wa mwaka, kila mtu akimbilie, na siku jumla itakapotimia, ifungwe.

Ndugu, mnajua yatokeayo chakula kikipakuliwa katika sinia moja na kila mtu ana haraka. Mwaka 1966 bahari ilifungwa katika Septemba. Mwaka 1967 ikafungwa Juni. Mwaka 1969 ilifungwa Aprili, na mwaka 1970 katika Machi. Wala si kwamba kiasi kilikuwa kimepunguzwa, la, kilikuwa kimeongezwa. Ni meli zilizozidi kuwa nyingi na kuwa kubwa, kwa sababu mwenye meli kubwa ndiye aliyewahi. Kila tajiri alijenga meli ili amshinde mwenzake, na kila meli mpya ilifupisha msimu wa wote.

Tena palikuwa na kanuni ya safari ya mwisho. Meli iliyokuwa baharini siku ya kufunga iliachwa imalize safari yake, na iliyokuwa bandarini ikapewa ruhusa ya safari moja tena. Basi manahodha wakawa wanapiga hesabu ya kuwa bandarini siku ile, wameshusha mzigo na kujaza mafuta. Baada ya hapo meli kubwa zilivuka mstari wa nje, au zikaenda mpaka pwani ya Afrika ya Magharibi kutafuta samaki. Na mabaharia je? Mabaharia wale hawakuwa na mshahara wa mwezi. Walilipwa fungu kwa tani zilizovuliwa. Msimu ukifupishwa, fungu likawa la kugombaniwa katika miezi michache, au kufuatwa mbali na nyumbani.

Nchi za pwani nazo zilisema, "Samaki hawa wako mlangoni petu, nasi hatuna meli za kukimbia mbio hizi. Fungu letu liko wapi?" Hawakupatana. Ecuador ilikuwa imekwisha kutoka katika tume mwaka 1968. Mexico ikatoka mwaka 1978, na Costa Rica mwaka 1979. Baada ya mwaka huo kiasi hakikufuatwa kwa miaka mingi. Miaka michache baadaye viwanda vya kutia samaki mikebeni vya San Diego vilifungwa, na meli nyingi zikahamia Pasifiki ya magharibi. Sababu zilikuwa nyingi, si hii tu. Lakini twaona wazi kwamba sheria iliyojua kuhesabu samaki haikujua kugawanya kazi, na kwa upande huo ndipo ilipovunjika.

Nchi za huko zilijifunza baadaye. Tume ile ilipofikia siku 72 za kufunga, tangu mwaka 2018 na miaka iliyofuata, haikuzisimamisha meli zote za nyavu siku moja. Kila meli ilichagua moja ya nafasi mbili: ama tangu 29 Julai mpaka 8 Oktoba, ama tangu 9 Novemba mpaka 19 Januari. Nusu hii ikilala, nusu ile iko kazini, na kiwanda kinapata samaki. Hii ni zamu, ndugu, na sisi hatuhitaji kufundishwa zamu ni nini. Siku zinajulikana mapema, meli yaweza kutengenezwa wakati huo kama injini inavyopelekwa karakana, na baharia ajua tarehe ya kurudi kazini.

Habari ya pili ni ya visiwa vya Pasifiki. Nchi saba zilifanya mapatano Nauru mwaka 1982: Nauru yenyewe, Kiribati, Palau, Visiwa vya Marshall, Visiwa vya Solomon, Mikronesia na Papua Guinea Mpya; Tuvalu ikajiunga nao baadaye. Nyingine ni ndogo sana, watu wake wote hawafiki idadi ya mtaa mmoja wa Nairobi. Zamani kila moja ilikaa peke yake mezani na matajiri wa meli za mbali. Tajiri akiona bei ya kisiwa hiki ni kali, alikwenda kisiwa cha jirani. Mnaujua mchezo huo. Ndio ule wa kumwambia kibarua, "Ukiikataa bei hii, wenzako wako langoni."

Tangu mwisho wa mwaka 2007 walibadili. Walipatana juu ya jumla ya siku ambazo meli za nyavu zingevua katika maji yao, wakagawana siku hizo wao kwa wao, kisha wakauza siku. Wakaweka bei ya chini ambayo hakuna atakayeipunguza. Tangu mwaka 2015 bei hiyo ilikuwa dola 8,000 za Kimarekani kwa siku moja ya meli. Pia tangu mwaka 2009 walifunga uvuvi wa vyelezo kwa miezi fulani ya kila mwaka. Mapato yao, yaliyokuwa kama dola milioni 60 mwaka 2010, yalikaribia milioni 500 kabla ya miaka 10 kupita. Samaki ni wale wale. Kilichozidi ni kwamba hakuna aliyeuza kichochoroni.

Tumetaja vyelezo, nasi tueleze. Samaki wa bahari kuu hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea, hata kama ni gogo. Matajiri wa meli wametengeneza vyelezo maalum, vyenye chombo cha kupeleka habari kwa setilaiti, na chombo cha kupima samaki walioko chini. Wanaviachilia vikaelea. Wanaowafuata hasa ni sehewa, lakini pamoja na sehewa huja jodari wachanga ambao hawajazaa bado. Ukiwavua hao unakula mbegu kabla ya mvua. Ndiyo sababu mahali pengi kufunga ni kufunga uvuvi wa vyelezo, si uvuvi wote.

Sasa turudi kwetu. Tume ya jodari ya Bahari ya Hindi ina makao yake Shelisheli, na Kenya ni mwanachama. Mwaka 2015 wataalamu wake walisema jodari wa mapezi ya manjano wamevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2016 sheria ikapitishwa: wenye meli za nyavu za kuzungusha wapunguze asilimia 15 kutoka walizovua mwaka 2014, na wenye mishipi mirefu asilimia 10. Sheria iliwagusa wale waliovua tani maelfu tu. Nchi zenye mavuno madogo hazikuguswa. Hata hivyo miaka iliyofuata jumla ya bahari nzima haikushuka, kwa maana waliopunguza walipunguza, na wengine wakaongeza. Makisio ya mwaka 2024 yalileta habari njema zaidi juu ya samaki hao, nasi twafurahi. Lakini samaki kuwa na nafuu si dawa ya ubishi wa mafungu.

Ubishi huo ulionekana hapa hapa Mombasa. Februari mwaka 2023 tume ilikutana mjini kwetu, na kwa kura ikapitisha siku 72 kila mwaka za kufunga uvuvi wa vyelezo vinavyoelea. Kisha Umoja wa Ulaya, wenye meli kubwa za Hispania na Ufaransa, ukaandika kukataa. Nchi nyingine nazo zikakataa, na baadhi yao ni za pwani ya bahari hii hii, kama Shelisheli yenye kiwanda kikubwa cha mikebe. Sheria ya tume yasema kwamba wakikataa zaidi ya thuluthi moja ya wanachama, neno halimfungi mtu. Wakapita thuluthi. Siku 72 zikabaki karatasi.

Tusiwacheke Shelisheli. Mwenye kiwanda mlangoni anaogopa siku ambayo mashine zitasimama na watu warudishwe nyumbani. Sisi wenyewe tumewahi kuona, mahali ambapo hatutapataja, mizigo ilipopungua vibarua wakaambiwa asubuhi langoni, "Leo hakuna kazi, njooni Jumatatu," na Jumatatu wakaambiwa neno lile lile. Hakuna aliyewauliza watoto wamekula nini. Mtu aliyeonja hayo hawezi kuipenda sheria ya kufunga, hata ikiwa ni ya haki, mpaka aambiwe siku zake za kukaa zitalipwa na nani.

Basi tumjibu nini yule mzee wa Likoni?

Twamwambia hivi. Mzee wetu, siku 72 zile hazikuwa za mashua yako. Zilikuwa za meli zenye vyelezo na setilaiti, ambazo wewe hujapata kuziona kwa macho. Wewe bahari yako hufungwa na kusi kila mwaka, na hakuna anayekulipa. Kama jodari wachanga wataachwa huko nje wakue, huenda wakakufikia wewe wakiwa wazito. Kwa hiyo usimwache mwenye meli kubwa alie kwa mdomo wako.

Tena tunaongeza haya, ili tusiwe wa kusema maneno matamu tu. Ikija sheria ya kufunga, na iwe na mambo manne. Siku zijulikane mapema. Fungu la kila mmoja liandikwe, pasiwe na mbio. Zamu zigawanywe ili viwanda visilale vyote pamoja. Na anayelipwa kwa tani au kwa siku, awe baharia au mama anayesafisha samaki kiwandani, apate kitu cha kumvusha siku zile, nacho kitoke katika faida ya wenye meli, kwa kuwa samaki watakaozidi ni wao watakaowavua wa kwanza.

Sisi wenye mshahara wa mwezi tulisema kivukoni, "Samaki wapumzike," kwa sababu mapumziko yao hayakutugharimu kitu. Ndugu, hilo ndilo kosa letu, nasi twalikiri mbele yenu. Tukikutana na mzee yule tena tutamsalimu kwanza, halafu tumweleze haya, naye atuambie tulipokosea.