Swali Ambalo Sikuuliza

Somo: Marko 5:25-34

 

Mzee mmoja wa kanisa letu hapa Kanyakine alinijia siku moja baada ya ibada, mkononi ana chupa ya vidonge vya vitamini. Mwuzaji mmoja alikuwa amemwambia kwamba vyazuia kansa ya utumbo, naye akavinunua kwa pesa zake za kahawa. "Mchungaji, niombee juu ya dawa hii," akasema. Nikaomba. Sikumwuliza, "Mzee, waitakia nini?" Kumbe kwa miezi mingi alikuwa akiona damu chooni, akaona haya kusema. Alipofika hospitali, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Tulimzika.

Ndugu zangu, vitamini ni kipawa cha Mungu. Daktari akiona mwili umepungukiwa, atakupa vidonge, na ni vyema umeze. Lakini kuzuia kansa ya utumbo ni jambo jingine. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio lao. Watu 864 waliokwisha kutolewa vivimbe vya utumbo, vile viwezavyo kugeuka kansa, waligawanywa. Wengine walipewa vitamini C na E, wengine beta-karotini, wengine vyote pamoja, na wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka minne, vitamini hazikuwa zimezuia vivimbe kurudi.

Basi, chakula je? Daktari Denis Burkitt, mpasuaji na Mkristo, alifika Uganda mwaka 1946, akatumika Lira na kisha Mulago. Aliona kwamba kansa hii, iliyokuwa nyingi Uingereza, ilikuwa adimu kwa watu wa vijijini. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu moja ni chakula chao chenye makapi mengi, ambacho hupita upesi tumboni. Hata leo wataalamu hutushauri kula nafaka zisizokobolewa, na kujihadhari na pombe, sigara na nyama za viwandani kama soseji. Kwa hiyo akina mama, msiionee haya githeri yenu, wala uji wa wimbi.

Lakini mzee wetu alikula githeri maisha yake yote. Chakula chema hupunguza hatari, hakiiondoi. Ukiona damu chooni, au choo kimebadilika kwa majuma, au unakonda bila sababu, nenda hospitali ukapimwe. Kansa hii ikigunduliwa mapema, yaweza kukatwa na mtu akapona.

Yule mwanamke wa somo letu alitoka damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga. Mwishowe alikuja akitetemeka, akamwambia Bwana kweli yote mbele ya watu. Bwana hakumwaibisha. Alimwita binti.

Nasi tusiaibishane. Mke amwulize mumewe, mtoto amwulize babaye, na mchungaji aulize kabla ya kuomba.

Tuombe. Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema na upendo wa kuuliza. Amina.