Na Damu Nayo Iende Pwani?

Habari za Geneva mmezisikia. Mkutano wa tano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulifungwa Ijumaa, tarehe 3 Novemba 2023. Vipodozi vyenye zebaki vilipewa mwisho: 2025. Taa za mirija zilipewa mwisho: 2027. Zebaki ya mchimbaji mdogo wa dhahabu haikupewa mwisho. Nchi ipunguze, na pale inapowezekana ikomeshe. Basi.

Kituo hiki cha redio hakina ugomvi na Geneva. Kinachotusumbua kipo hapa mkoani Tabora, Nzega na Igunga, kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, ambako zebaki inakorogwa kwa mikono mitupu ndani ya karai, donge la zebaki na dhahabu likawekwa motoni, na moshi ukaingia puani mwa mchomaji, mwa mama anayepika jirani, mwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Tanzania iliridhia mkataba huo 2020. Tunauliza: watu hao nani amewapima?

Mashine kubwa za kupima metali mwilini ziko kwenye maabara za miji mikubwa. Damu ya Nzega, ikibahatika kuchukuliwa, hufungwa, huwekwa kwenye boksi la barafu, husafiri. Safari hiyo watu wa Unyanyembe, yaani hapa Tabora, tunaijua. Meno ya tembo yaliondoka hapa mabegani mwa wapagazi hadi Bagamoyo, na bei ikajulikana pwani. Watu walipita njia hiyohiyo na minyororo shingoni. Reli ikafika Tabora 1912, mzigo ukapanda behewa, bei ikaendelea kujulikana pwani. Sasa ni damu. Mzigo unakwenda, jibu halirudi, na likirudi mchimbaji ameshahamia duara lingine.

Wapo wanaosema haiwezekani kupima papo hapo. Kwa metali ya risasi inawezekana, na si habari mpya. Matone mawili ya damu ya kidole huchanganywa na dawa inayoitoa risasi kwenye chembe za damu, kisha huwekwa kwenye kipande kidogo chenye elektrodi. Umeme mdogo huivuta metali ikaganda pale. Umeme ukigeuzwa, metali hung'oka, na mkondo unaopita wakati huo ndio unaotaja kiasi chake. Dakika 3, jibu. Na risasi haiko mbali na dhahabu: huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi liliua watoto zaidi ya 400, kwa sababu mawe yalisagwa majumbani. Mawe yanasagwa wapi kwetu? Nani amepima?

Kwa zebaki, watafiti wanatumia elektrodi ya dhahabu. Mchimbaji hahitaji kuelezwa sababu; zebaki na dhahabu zikikutana haziachani kirahisi, na kazi yake yote ya mwaloni imesimama juu ya jambo hilo. Lakini vihisi hivyo bado viko maabara, na hata kipimo cha risasi kilipata aibu Marekani 2021, shehena zake zikarudishwa kiwandani kwa kusoma kiwango cha chini kuliko ukweli. Tena moshi wa zebaki huonekana vizuri zaidi kwenye mkojo. Kwa hiyo hatusemi kidude kimoja kitamaliza kazi. Tunasema mtu apimwe. Kwa damu, kwa mkojo, kwa chochote kinachofaa, ila apimwe hapa.

Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, Kenya, walilalamika juu ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mmoja wao, Phyllis Omido, alimpeleka mwanawe kupimwa na damu ikaonyesha risasi. Kiwanda kilifungwa 2014. Namba ya damu hailambwi kisogo kama mlalamikaji.

Waheshimiwa madiwani wa Nzega na Igunga, ushuru wa dhahabu mnajua kuukusanya mpaka gramu. Tengeni fungu la kupima wanaoichimba! Uongozi wa mkoa, ombeni vipimo viwekwe hospitali ya Kitete. Ombeni kwa barua, na mkinyamaziwa ombeni tena. Tumebeba mizigo kwenda pwani vya kutosha!

Na wewe unayetusikiliza ukiwa na donge mkononi na mkaa umeshawaka: usichomee ndani. Mtoe mtoto. Mtoe mjamzito. Tafuta retoti, chombo kinachonasa moshi wa zebaki, hata kama mtachangia watu kumi. Kesho nenda zahanati, sema unachoma zebaki na unataka kupimwa. Wakikuambia kipimo hakuna, waambie waandike hivyo, kwa tarehe na kwa jina lako.