Itika Kwanza: Keneli ya Linux na Haki ya Mwenye Kikombe



Wengi wetu humu ukumbini tulifundishwa kuitika kabla hatujafundishwa kusoma. Mama akikuita huku unakuna nazi, hakungoji umalize nazi. Msichana aliitika "Abee", mvulana "Naam", papo hapo, na mengine yakafuata. Mtoto aliyemaliza kazi zote za nyumbani lakini haitiki alihesabiwa kuwa na upungufu wa malezi. Mama alikuwa na sababu nzito: asiyeitika hujui kama amekusikia, na usipojua kama amekusikia huwezi kupanga la pili.

Mhadhara wangu wa leo unahusu kuitika kwa kompyuta. Nitaeleza jinsi keneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi ambacho Linus Torvalds alikianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, inavyoweza kurekebishwa ili mtu aliyeketi mbele ya skrini aitikiwe hata pale mashine inapolemewa na kazi. Hoja yangu ni moja: wingi wa kazi inayofanyika na wepesi wa kuitika ni vitu viwili, na aliyepima cha kwanza peke yake hajampima mtumiaji.

Nilifikishwa hapa na tukio la maabara. Mwanafunzi wangu alikuwa ananakili video kwenye flashi huku akiandika tasnifu yake. Mshale ukaganda. Akabofya mara moja, mara mbili, mara kumi, kisha akakata tamaa na kubana kitufe cha umeme. Sura aliyoihangaikia juma zima ikaenda na maji. Nilipoichunguza mashine sikuona kilichoharibika. Ilikuwa inafanya kazi kwa bidii zote, ila haikumwitikia.

Foleni ya bombani

Tuchukue bomba moja la mtaa. Foleni ni ndefu. Mama mmoja amekuja na madumu ishirini, na nyuma yake kasimama mtoto mwenye kikombe. Ukipima idadi ya lita zilizochotwa hadi jioni, mpango wowote wa foleni utakupa karibu jibu lile lile, maana bomba halikauki wala halifunguki zaidi. Ukipima muda aliosimama yule mtoto, mipango itatofautiana kama usiku na mchana.

Kichakataji cha kompyuta ndicho bomba. Programu inayokompaili msimbo, yaani kuugeuza kuwa programu inayoweza kuendeshwa, au kubadili umbo la video ni mama wa madumu ishirini. Kubofya kipanya, kubonyeza herufi na kusogeza kidirisha ni watoto wenye vikombe: wanahitaji tone tu, ila wanalihitaji sasa. Skrini ya kawaida huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7 hivi. Mtafiti Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu matumizi ya programu, aliweka vipimo vinavyotumika hadi leo: jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona limekuja papo hapo, likizidi sekunde moja, mkondo wa fikra zake hukatika, likifika sekunde kumi, mawazo yake yameshahamia kwingine.

Ndani ya keneli kuna sehemu inayoamua nani achote sasa na kwa muda gani. Nitaiita mpangazamu. Historia yake ni historia ya watu kubishana kuhusu haki.

Daktari wa Melbourne

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ingo Molnár aliandika mpangazamu uliokuja na toleo 2.6 mwezi Desemba 2003. Ulikuwa mwepesi mno kuchagua wa kufuata, hata foleni iwe na programu elfu. Ila ulitambua wenye vikombe kwa kubahatisha: programu iliyolala sana ilidhaniwa kuwa inamngoja binadamu, ikapewa kipaumbele. Dhana hiyo ilikosea mara nyingi, na ilipokosea sauti ilikatikakatika na vidirisha vikasuasua.

Aliyelivalia njuga jambo hili hakuwa mhandisi wa kompyuta. Con Kolivas alikuwa daktari wa usingizi mjini Melbourne, Australia, aliyejifunza lugha ya C kwa sababu kompyuta yake ya nyumbani ilimkera. Kwa miaka kadhaa alitoa viraka vya keneli, yaani marekebisho madogo ya msimbo wake, kwa watumiaji wa kawaida. Ninachomheshimia zaidi ni kwamba alitengeneza kipimo. Programu yake ya Interbench huiga sauti, video na kusogeza vidirisha, kisha huibebesha mashine mizigo ya kukompaili, kusoma na kuandika diski, na kupima kila kazi ndogo ilicheleweshwa kiasi gani. Malalamiko ya "kompyuta yangu nzito" yakapata namba.

Mwaka 2007 alipendekeza mpangazamu usiobahatisha lolote, unaogawa zamu kwa usawa. Muda mfupi baadaye Molnár akaandika wake kwa wazo hilo hilo la usawa, akamshukuru Kolivas kwa kuonyesha kwamba linawezekana. Ule wa Molnár, unaojulikana kama CFS, ndio ulioingia katika toleo 2.6.23 mwezi Oktoba 2007. Kolivas akaondoka kwa uchungu, akisema watumiaji wa kompyuta za mezani wamesahauliwa kwa ajili ya mashine kubwa. Alirudi mwaka 2009 na mpangazamu mwingine, na akaendelea kutunza viraka vyake hadi mwaka 2021.

Kanuni ya CFS mtoto wa shule anaielewa: aliyechota kidogo kuliko wote ndiye anayefuata. Kila programu ina hesabu ya muda ilioupata, na wenye hesabu ndogo husogezwa mbele. Mtoto wa kikombe, kwa kuwa huchota kidogo, mara nyingi hujikuta karibu na bomba bila mtu yeyote kubahatisha yeye ni nani.

Haki ya vichwa na haki ya kaya

Hata hivyo usawa una swali lake: sawa kwa nani? Tuseme kaya moja imetuma watoto 64 bombani, na kaya ya jirani imetuma mmoja. Ukigawa kwa vichwa, jirani anapata sehemu moja kati ya 65, kama asilimia 1.5. Ndivyo ilivyokuwa mtu alipokompaili keneli kwa michakato 64, yaani kazi 64 zinazoendeshwa kwa pamoja, huku anatazama video. Video iliyohitaji asilimia kumi ya kichakataji ilipewa asilimia moja na nusu, na ikakwama kwa haki kabisa.

Mwaka 2010 Mike Galbraith aliandika kiraka cha mistari mia mbili na kitu kinachogawa kwa kaya. Michakato yote iliyozaliwa katika kikao kimoja huhesabiwa kundi moja. Watoto 64 wanagawana nusu, na jirani anabaki na nusu yake. Torvalds mwenyewe alikisifu kwa furaha, na kikaingia katika toleo 2.6.38 mwezi Machi 2011. Siku hizi mazingira ya kompyuta za mezani kama GNOME na KDE huanzisha kila programu ndani ya kikundi chake, kwa msingi ule ule.

Mwezi Oktoba 2023, toleo 6.6 lilileta mpangazamu mpya wa Peter Zijlstra uitwao EEVDF, uliojengwa juu ya nadharia ya Ion Stoica na Hussein Abdel-Wahab ya katikati ya miaka ya 1990. Hapa ndipo mwenye kikombe alipopata haki yake kwa hesabu. Sehemu ya kila mmoja haibadiliki, lakini anayeomba mchoto mfupi huwekewa muda wa mwisho wa karibu, kwa hiyo huhudumiwa mapema. Tangu toleo 6.12 programu inaweza kuieleza keneli urefu wa mchoto inaoutaka. Mtoto haongezewi tone, ila hachelewi tena.

Lipo pia swali la kumkatiza anayechota. Zamani, mchakato ulioingia ndani ya keneli yenyewe haukuweza kukatizwa hadi umalize. Kazi ya Robert Love, iliyoingia mwaka 2002 katika maandalizi ya toleo 2.6, ilifungua mlango huo. Tangu toleo 5.12 la mwaka 2021, keneli iliyojengwa kwa uwezo huo hubadilishwa kwa neno moja wakati wa kuwasha mashine: preempt=full. Viraka vya wakati halisi, vilivyotunzwa nje ya keneli kuu kwa takriban miaka ishirini, vikakamilisha safari yake katika toleo 6.12 mwezi Novemba 2024.

Flashi na diski

Sasa turudi kwa mwanafunzi wangu, maana kichakataji hakikuwa na kosa siku ile. Ukinakili faili, keneli haiandiki moja kwa moja kwenye flashi. Inaweka data katika kumbukumbu kwanza, kisha inaimimina taratibu. Kwa mpangilio wa kawaida, data inayongoja kuandikwa huruhusiwa kufika asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana kabla waandishi hawajazuiwa. Chukua gigabaiti 8: hiyo ni gigabaiti 1.6. Flashi ya bei nafuu inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itahitaji sekunde 160 kulimaliza rundo hilo. Keneli hujaribu kugawa kiwango hicho kwa kasi ya kila kifaa, lakini flashi ikiwa ndiyo pekee inayoandikiwa inaweza kukimeza karibu chote. Kiwango kikijaa, programu nyingine inayotaka kuhifadhi aya moja inajikuta nyuma ya rundo ambalo haikulileta.

Dawa yake ni kuweka kikomo kwa baiti badala ya asilimia. Ukiweka mpangilio wa vm.dirty_bytes uwe megabaiti 64, rundo la flashi ile haliwezi kuzidi sekunde sita na ushei. Kwa mwenye diski ya kuzunguka, upo mpangazamu wa diski uitwao BFQ, uliotokana na kazi ya Paolo Valente wa Chuo Kikuu cha Modena, Italia, na wenzake, na ulioingia katika toleo 4.12 mwezi Julai 2017. Huupa kila mchakato bajeti ya kusoma na kuandika, hivyo kufungua programu hakusubiri nakala kubwa iishe.

Kumbukumbu inapojaa

Mgando mbaya kuliko yote ni wa kumbukumbu kujaa. Hapa ushauri unaozagaa ni kushusha mpangilio wa vm.swappiness kutoka 60 hadi 10, ati ili keneli isipeleke kitu kwenye diski. Nawasihi mfikiri kabla ya kuufuata. Keneli inayohitaji nafasi ina njia kuu mbili: kuhamishia data ya programu kwenye diski, au kutupa kurasa za faili. Miongoni mwa kurasa za faili umo msimbo wa programu zenyewe. Ukiifungia njia ya kwanza, itatupa msimbo wa kivinjari unachokitumia, iusome tena kutoka diski, iutupe tena. Mzunguko huo ndio unaougandisha mshale.

Kwa kompyuta zetu nyingi za mtumba zenye gigabaiti 4, dawa bora ni zram, iliyokomaa rasmi katika toleo 3.14 la mwaka 2014. Huzibana kurasa zisizotumika ndani ya kumbukumbu yenyewe badala ya kuzipeleka kwenye diski. Kwa kuwa kufungua ukurasa uliobanwa ni haraka mno kuliko kusoma diski, hapo swappiness hupandishwa, hata kupita 100. Toleo 6.1 la Desemba 2022 likaongeza kazi ya Yu Zhao wa Google, inayopanga kurasa kwa rika ili keneli ijue kwa uhakika zaidi zipi zimesahaulika.

Namba ya kusubiri

Nimeacha mwisho lile ninalolipenda kuliko yote. Mwezi Desemba 2018, toleo 4.20 lilileta kazi ya Johannes Weiner wa Facebook. Fungua faili la /proc/pressure/memory na utasoma ni asilimia ngapi ya muda, katika sekunde 10, 60 na 300 zilizopita, kazi zilikwama zikisubiri kumbukumbu. Lipo la kichakataji na lipo la diski. Kwa miaka mingi tulisoma kwamba kichakataji kimetumika asilimia 100, na tusijue kama hiyo ni neema au balaa. Sasa keneli inatuambia nani anasubiri.

Sitawaficha gharama. Kila zamu inayobadilishwa hula muda: hali ya mchakato mmoja huhifadhiwa, ya mwingine hurudishwa, na data iliyokuwa karibu na kichakataji huanza kukusanywa upya. Seva inayochakata mishahara usiku kucha bila mtu mbele yake haina wa kumwitikia. Iachiwe michoto mirefu. Kwa sababu hiyo sitoi orodha ya mipangilio ya kunakili. Kila mashine ina bomba lake na foleni yake.

Wanafunzi wangu, ninawaachia kazi. Chukueni kompyuta moja ya maabara, ibebesheni mzigo mnaoujua, na mwandike namba za kusubiri kabla hamjagusa lolote. Badilisheni jambo moja tu. Pimeni tena. Mkiona hakuna tofauti, rudisheni lilivyokuwa na mwandike hivyo. Daktari wa usingizi alifanya kazi hii nyumbani kwake baada ya zamu ya hospitali, na mjadala aliouanzisha umebaki ndani ya keneli hata baada ya yeye kuondoka. Nanyi mna maabara, mna msimbo wote wazi mbele yenu, na mna mwenzenu aliyepoteza sura ya tasnifu kwa mashine ambayo haikuwa mbovu.